Uzito Uko Mlangoni

Nesi alinipima mara tatu. Mara ya kwanza alidhani mashine imekosea. Ya pili akanitaka nikae kimya dakika tano, mgongo nimeuegemeza kwenye kiti. Ya tatu akaandika kwenye kadi: 158/96. Akaniambia, "Mama, hii si presha ya kuchezea."

Nilikuwa na miaka 46, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimeimaliza kwenye cherehani hapa Magomeni, Dar es Salaam. Nakaa kitini tangu asubuhi mpaka taa za barabarani ziwake, chai ya vijiko vitatu vya sukari iko pembeni, na nikiinuka ni kupiga pasi au kumpima mteja kiuno. Daktari akanipa vidonge vya kila siku, akanisisitiza nipunguze chumvi, nitembee.

Nitembee. Neno jepesi hilo lilinichukua karibu mwaka mzima kulitekeleza. Kwa hiyo haya nakuandikia wewe ambaye umeshaambiwa, umeshakubali, na bado siku zinapita.

Nilipokosea kwanza ni kuanza kwa kishindo. Nilinunua raba za mtumba, nzuri kabisa, nikajiunga na kikundi cha jogging cha mtaani kinachokimbia kila Jumamosi. Siku hiyo ya kwanza nikakimbia sambamba na vijana wenye umri wa wanangu. Jumapili magoti yakavimba, Jumatatu nikashindwa kukanyaga pedali. Wiki ya pili sikwenda. Wiki ya tatu nikasema nina harusi. Ya nne sikutafuta hata sababu. Raba zikaingia uvunguni, na kila nikifagia nazikuta pale, moyo unaniuma.

Aliyenifungua macho ni kijana wa mkokoteni. Kibanda changu kinatazama barabara, na vijana wawili hupita kila siku na magunia ya mkaa. Siku moja gari likawazibia njia, wakalazimika kusimama. Lilipoondoka, yule wa mbele akashika mpini na kujilaza mbele mpaka vidole vya miguu vikachimba vumbi. Mwenzake akaweka bega nyuma ya magunia, mishipa ya shingo imemsimama. Magurudumu hayakusogea. Wakapumua, wakahesabu, wakasukuma tena. Mkokoteni ukasogea shubiri moja, kisha hatua, kisha hatua mbili. Sijamaliza hata kutunga uzi kwenye sindano, wameshafika kwenye kona wanapiga soga. Mzigo ulikuwa uleule.

Baadaye yule wa mbele alikuja kutia kiraka suruali, nikamuuliza. Akasema, "Mama, sisi hatuogopi umbali, tunaogopa kusimama. Hata foleni ikiwa kubwa, bora twende mdogo mdogo lakini gurudumu lizunguke."

Nililala nalo neno hilo. Nikagundua kwamba kila nilipokuwa tayari niko nje natembea, sikuwahi kutamani kurudi ndani. Barabarani hapakuwa na uzito wowote. Uzito wote ulikuwa kati ya kitanda na mlango. Hapo ndipo nafsi inapoanza kusema: bado kiza, jana umelala saa saba, gauni la mteja halijapindwa, anza Jumatatu. Usijaribu kubishana nayo. Ina hoja, na nyingi ni za kweli. Dawa yake ni kuinyima nafasi ya kuzungumza.

Mimi nilijishikiza kwenye jambo ambalo tayari nalifanya kila siku bila kushauriana na mtu, yaani swala ya alfajiri. Zamani nikimaliza uradi nilikuwa narudi kitandani. Sasa raba nikaziweka mlangoni tangu usiku, soksi zimo ndani, ufunguo wa geti uko juu yake. Nikiondoka kwenye mswala navaa raba. Sharti nililojiwekea lilikuwa hilo tu: nivae, nifike duka la kona, nirudi. Dakika sita, kwenda na kurudi. Wiki mbili nzima nilifanya hivyo, na hata siku nilizojisikia vizuri nilijizuia nisipitilize. Nilitaka kwanza mwili uzoee kutoka. Hapa ndipo naomba uniamini zaidi, maana ndipo wengi wanapopadharau: dakika sita zinaonekana si kitu, lakini zinavunja ile sehemu ngumu kuliko zote.

Baada ya hapo nikaanza kupima safari zangu kwa vituo vya mabasi ya mwendokasi, kwenye Barabara ya Morogoro. Kutoka Mapipa hadi Usalama, narudi. Nilipoona napumua vizuri, nikasogea mpaka Mwembechai. Mwezi wa tano nikafika Kagera. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli kama kutembea haraka. Namba hiyo ilinitisha nilipoisikia zahanati. Leo naipita bila kuihesabu.

Usidanganywe na wanaosema siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kufanya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kulazimishwa, lakini tofauti ilikuwa kubwa: kuna wa siku 18, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Mimi siku ya 40 bado nilikuwa najikokota, na kama ningeamini zile 21 ningejiona sina faida. Walichokiona pia ni kwamba kukosa siku moja hakumrudishi mtu nyuma kwa namna ya maana. Jambo hilo lilinipa faraja sana.

Nina kalenda ukutani kando ya cherehani. Kila siku niliyotoka natia mstari kwa chaki yangu ya kuchorea vitambaa. Siku niliyokosa naiacha wazi. Sijilaumu, ila kesho yake lazima nitoke, hata kama ni mpaka kwenye geti. Nafasi mbili zilizo wazi zikifuatana, nakumbuka magurudumu yaliyosimama na yule kijana aliyechimba vumbi kwa vidole.

Mtihani mkubwa ulikuwa wiki mbili kabla ya Iddi. Fundi yeyote anajua hali inavyokuwa: vitambaa vimejaa mpaka chini ya meza, simu haziishi, unashona mpaka usiku wa manane. Hapo nilirudi kwenye duka la kona. Dakika sita tu kila alfajiri, macho mekundu, kisha kazini. Iddi ilipopita, nilichokuwa nimebakiza ni kuongeza mwendo. Sikuwa na haja ya kuanza upya.

Maneno ya watu yalikuwepo pia. Kuna walionihofia kwa kutoka kungali na kiza, na hao walikuwa na haki. Nikamwomba jirani yangu tuwe tunatoka pamoja, naye ana sukari. Siku ninayolegea, anagonga geti. Siku anayolegea yeye, nagonga mimi. Kama unaweza kupata mtu wa namna hiyo, mpate.

Kwenye chakula nilifuata njia hiyohiyo. Sukari niliipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, na sasa chai yenye vijiko vitatu inanichefua. Chumvi ya mezani niliiondoa kabisa, maana ikiwa mbele yako mkono unaifuata wenyewe.

Mara ya mwisho kadi iliandikwa 136/84. Vidonge naendelea navyo, na nawe kama umeandikiwa usiviache kwa sababu umeanza kutembea. Hilo ni la daktari kuamua. Lakini nesi aliitazama kadi, akanitazama, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia navaa raba.

Sasa ni masika. Leo alfajiri mvua ilikuwa inapiga bati hatusikilizani. Nilisimama mlangoni, raba mguuni, nikaona mtaro umefurika. Jirani akagonga geti, ameshika mwavuli mkubwa wa biashara. Tukajibana chini yake tukaenda mpaka duka la kona, tukarudi tumelowa magotini. Raba nimezitundika dirishani nyuma ya cherehani, zinachuruzika maji, na mstari wa leo nimeshautia.