Bingwa wa vyuo dhidi ya timu mbovu ya NFL

Mkuu, umeuliza kama bingwa wa vyuo Marekani kwenye futiboli ya Kimarekani angeweza kuifunga timu mbovu kabisa ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, mfano Cleveland Browns ya 2017 iliyopoteza mechi zote 16. Jibu langu ni hapana, na wala wasingekaribiana.

Chukua timu ya Chuo Kikuu cha Georgia ya 2021, bingwa wa vyuo. Wachezaji wake 15 walichaguliwa na timu za NFL mwaka uliofuata, na hiyo ni idadi kubwa mno kwa chuo kimoja. Lakini ile Browns mbovu, kila aliyevaa jezi alishachujwa hadi akapata nafasi NFL!

Mechi ingeamuliwa pale mpira unapoanzia, safu mbili zinapogongana. Kijana wa miaka 20 anamzuia mwanaume wa miaka 28 mwenye kilo 140, ambaye ajira yake ni kusukuma watu, anajua mkono autie wapi kifuani na mguu autangulize upi. Kwotabeki wa chuo, yule anayepasia wenzake mpira, angeangushwa kabla hajaona wa kumpasia.

Na hili lilishajaribiwa. Kuanzia 1934 hadi 1976, kule Chicago kwa kawaida bingwa wa NFL alikuwa anacheza na nyota waliotoka vyuo mbalimbali. Nyota hao walishinda mara 9 tu katika mechi 42, mara ya mwisho 1963 walipoifunga Green Bay Packers 20-17. Na hao walikuwa kombaini ya nchi nzima, sio chuo kimoja.