Polisi wananilipa kwa unga ili niwataje wenzangu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina miaka 26, naishi Kisenyi, Kampala. Natumia unga, yaani heroini, mwaka wa 5 sasa. Mwaka jana nilikamatwa na kete mbili, vipakiti vya unga. Askari mmoja akaniambia nitapata bondi, yaani dhamana ya polisi, nikikubali kumletea majina. Tangu hapo nampigia simu kila nikijua nani anauza. Hunipa shilingi 10,000 au 20,000, na mara nyingine kete katika zile walizokamata. Yeye ni Mwislamu kama sisi, na anasema kuna sheikh aliyemhalalishia jambo hili kwa dharura, kwamba Mtume naye alituma wapelelezi, na kwamba dawa ya moto ni moto. Mwezi wa Shaaban arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilinibana, sikuwa na jina, nikamtaja kijana wa boda ambaye najua hana kosa. Wakasema wamemkuta na kete. Yuko rumande gereza la Luzira mpaka leo. Wenzangu maskani wanasema mpasha habari haingii Peponi hata akitubu. Ni kweli? Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nimezoea kuulizwa talaka na mirathi, na majibu yake mengi nayajua kabla swali halijaisha. Lako lilininyima usingizi, na zaidi nilipofika kwenye neno "sheikh aliyemhalalishia".

Nianze na wenzako wa maskani, kwa kuwa kwao ni pafupi. Hadithi wanayoisikia ipo, tena ni sahihi: "Haingii Peponi mfitini." Lakini nani amewaambia kwamba mlango wa toba umefungwa kwa dhambi hii na kubaki wazi kwa nyingine zote? Na si kila anayepeleka habari kwa wenye mamlaka ni mfitini. Imam Nawawi ameeleza kwamba kupeleka habari ili kuzuia madhara hakuingii katika fitina. Kunaweza hata kuwa wajibu. Ukimwona mtu anawauzia watoto wa shule unga ukamripoti, hujafitini. Hilo limekwisha.

Sasa nije kwa huyo sheikh. Simjui, na sitaki kutajiwa jina lake. Nitayajibu maneno yake.

Anasema Mtume, rehema na amani zimshukie, alituma wapelelezi. Kweli. Mashuhuri wao ni Hudhayfa bin al-Yaman, usiku wa vita vya Makundi, baridi inakata mifupa, alipotumwa kwenye kambi ya maadui. Lakini kisa hiki kisomwe chote, kisikatwe katikati. Alitumwa kwa jeshi lililouzingira mji wa Madina, hakutumwa kwa jirani wa mtaani. Alipewa mpaka: alete habari, asiwachokoze. Akamwona Abu Sufyan, kiongozi wa maadui, anaota moto, akaweka mshale kwenye upinde, kisha akaukumbuka ule mpaka, akauondoa. Aliporudi, baridi ikamshika. Mtume akamfunika kwa sehemu ya joho alilokuwa akiswalia, akalala mpaka asubuhi. Basi huyo askari na sheikh wake watuambie: mpelelezi wao wanamfunika na nini? Wanamwona anatetemeka, nao wanampa kile kinachomtetemesha.

Na ajabu ni kwamba aliyetupokelea hadithi ile ya mfitini ni Hudhayfa huyohuyo. Aliisema alipoambiwa kuna mtu anayepeleka maneno ya watu kwa kiongozi. Mpelelezi wa Mtume ndiye aliyechukia zaidi kazi hii igeuzwe mazoea ya mtaani. Anayemtaja kama hoja amechukua nusu ya Hudhayfa.

Wanasema dharura. Dharura ya nani? Aya ya nyamafu inamruhusu mwenye njaa ale ili asife, "bila ya kutamani wala kupita kiasi." Hapa mwenye hali ngumu ni wewe, na ruhusa kachukua askari! Yeye hana njaa. Ana hesabu ya watu wa kukamata, na njia nyepesi ya kuipata ni kumshika mgonjwa pale anapouma. Fikihi haijawahi kujua dharura ya namna hiyo.

Aliletwa kwa Mtume mtu aliyekuwa amelewa, akaadhibiwa. Alipoondoka, mmoja akamwapiza Allah amfedheheshe. Mtume akasema msiseme hivyo, msimsaidie Shetani dhidi yake. Hiyo ni kwa neno moja tu la laana! Je, aliyemtilia mlevi kikombe mkononi? Kete anayokupa yule askari haina jina lingine. Ni kumsaidia Shetani dhidi ya ndugu yako, na sare haibadilishi hukumu yake.

Kisha kuna habari yenyewe. Qur'ani inasema akitujia fasiki na habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, tukabaki tunajuta. Wafasiri wengi wanasema aya ilishuka kwa habari ya uongo iliyokaribia kuwapeleka Waislamu vitani dhidi ya kabila la Banul Mustaliq. Mtu mmoja na neno lake moja. Mwanangu, sisemi haya kukutweza, lakini mtu mwenye arosto atataja jina lolote. Umelisema mwenyewe. Anayempa mgonjwa kete kwa kila jina ananunua majina, na majina hayaishi.

Dawa ya moto ni moto? Tangu lini? Nimeishi karibu na masoko yaliyoungua katika mji huu, na kila mara nimewaona watu wakikimbilia maji.

Pengine wataniambia sheikh huyu anawatetea wauza unga. Sitetei. Unga umeniondolea vijana niliowafundisha alif na ba kwa mkono wangu. Ila hata sheria ya nchi hii inajua kwamba lengo jema halisafishi njia mbovu. Mwaka 2023 Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya 2015. Haikusema dawa hizo ni nzuri. Ilisema sheria ilipitishwa bila kuthibitishwa akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa, ikabidi Bunge litunge upya. Ikiwa akidi tu inaangusha sheria nzima, ushahidi ulionunuliwa kwa unga unasimama juu ya nini?

Kwa hiyo jibu lako ni hili: kazi hiyo ni haramu kwako, na kwa anayekutuma haramu yake ni nzito zaidi. Pesa uliyokwisha kula usiitafutie hesabu leo. Wewe mwenyewe ni fukara wa kusaidiwa.

Kuacha najua si kutamka tu, na hapa naomba unisikilize kama baba, si kama mufti. Usiende kumwambia yule askari kwamba umeacha, peke yako, jioni, kwenye kona. Bondi ya polisi ni bure katika nchi hii, haina deni la majina, na Katiba haimruhusu mtu kukuweka kizuizini zaidi ya saa 48 bila kukufikisha mahakamani. Akikutisha, kuna kitengo cha polisi chenyewe kinachopokea malalamiko dhidi ya askari, na kuna Tume ya Haki za Binadamu. Tutakwenda na wakili, na tutakwenda wengi.

Kabla ya hapo, Butabika. Hospitali hiyo ina kliniki inayowapa watumiaji wa unga methadone, dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, inayotuliza arosto bila kukurusha. Usije ukaambiwa kwamba ni kubadilisha haramu kwa haramu. Nimeliuliza hili kwa madaktari na nimelipima: ni tiba chini ya mganga, na kuikubali ni katika toba yako. Ukiteleza wiki ya kwanza, rudi wiki ya pili. Swala usiiache kwa sababu umeteleza. Ukizindukana, oga, uswali.

Limebaki la kijana wa boda, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Haki ya Allah unaweza kuiombea msamaha usiku ukiwa peke yako. Haki ya mja haifutiki kwa istighfari. Mtume amesema anayemsingizia muumini asichokuwa nacho atawekwa katika usaha wa watu wa Motoni mpaka atoke katika alichosema. Kutoka kwake ni kusema kweli palepale uongo ulipofanya kazi, yaani mbele ya mahakama, kwa maandishi, kupitia wakili. Huenda ukaulizwa na wewe ulivyohusika. Sikufichi hilo. Lakini kila siku unayongoja, yeye yuko ndani na boda yake imesimama, na nyumbani kuna watu waliokuwa wakila kwa boda hiyo.

Njoo msikitini Alhamisi baada ya Alasiri, nikupeleke Butabika mwenyewe. Usiniletee jina la muuzaji yeyote. Niletee la kijana yule tu, na mtaa anaoishi mama yake, maana kwake nataka nitangulie mimi kabla yako.