Shemp alifariki 1955, mbona yumo kwenye filamu za 1956?

SWALI: Najifunza kuhariri video. Nimetazama vichekesho vifupi vya Three Stooges, kundi la wachekeshaji watatu wa Marekani, vya mwaka 1956, wakati Shemp Howard alifariki Novemba 1955. Kuna shoti uso wake unaonekana kabisa, nyingine ni kisogo tu. Waliunganishaje?

JIBU: Jicho lako limeshaanza kuwa la mhariri. Hapo unatazama watu wawili. Mwenye uso ni Shemp mwenyewe, katika picha zilizopigwa miaka ya nyuma. Mwenye kisogo ni Joe Palma, mwigizaji wa nafasi ndogo ndogo pale Columbia, studio iliyotengeneza filamu hizo, aliyevishwa nguo zilezile na kuambiwa asigeuke.

Shemp alipofariki, filamu nne za mkataba zilikuwa bado hazijatengenezwa na bajeti ilikuwa finyu. Mtayarishaji na mwongozaji Jules White akachukua filamu nne za 1949, akapiga vipande vichache vipya, akavichomeka katikati ya vile vya zamani.

Chukua Scheming Schemers. Mafundi bomba wake walianza mwaka 1940 katika A Plumbing We Will Go, wakati huo mchekeshaji wa tatu, pamoja na Moe na Larry, akiwa Curly, ndugu yake Shemp. Mwaka 1949 kisa kikapigwa upya na Shemp kama Vagabond Loafers. Mwaka 1956 picha hizo za 1949 zikarudi, na juu yake ikaongezwa vita ya kurushiana keki kutoka Half-Wits Holiday ya 1947. Vita hiyo ilipigwa bila Curly, aliyepatwa na kiharusi palepale kazini Mei 1946. Kwa kuwa Curly hayumo, unaweza kuichomeka hata pale ambapo wa tatu ni mtu mwingine. Mimi kila nikiitazama nasikia uchungu: pengo la ndugu mmoja limesaidia kuziba pengo la mwenzake.

Sasa kuhusu kuunga kwenyewe. Mkato huwekwa mtu anapoingia au kutoka mlangoni, kwa sababu jicho hufuata mwendo na halipati muda wa kukagua sura. Moe na Larry wanavaa kama mwaka 1949 na seti inapangwa ifanane. Pale Shemp asipopatikana kwenye picha za zamani, wenzake wanataja kwa mdomo alikokwenda, nasi tunaamini yupo. Sauti yake nayo inaazimwa kutoka filamu za nyuma.

Kisichofichika ni umri. Moe alizaliwa 1897. Ndani ya dakika 16 anatoka miaka 58 anarudi 51 au 52, kisha 58 tena. Mtazamaji wa sinema mwaka 1956 hakuwa na njia ya kuirudia filamu ya 1949 akalinganisha. Ni televisheni, iliyoanza kuzirusha filamu hizi 1958, iliyoziweka nakala zote mbele ya watu wale wale.

Jina la Palma halifahamiki sana, lakini mwongozaji Sam Raimi aliita wajaza nafasi wa filamu yake ya 1981 "Fake Shemp", yaani Shemp bandia, na jina hilo limebaki kazini.

Kwa mazoezi, tazama Vagabond Loafers kwanza, kisha Scheming Schemers bila sauti, na kila mlango unapofunguliwa simamisha picha uangalie mashavu ya Moe.