Maswali ya Wasomaji: Je, Mbio za Mapipa Zinaweza Kuwa Kazi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, ninatunza farasi katika shamba moja la Usa River linalotembeza watalii. Mgeni kutoka Texas alinionyesha kwenye simu wanawake wa kwao wakishindana kuzunguka mapipa matatu kwa farasi, akasema wapo wanaoishi kwa kazi hiyo. Nami ninapanda farasi vizuri, hata wale wakorofi. Je, mtu wa huku anaweza kuifanya kuwa kazi yake, na maisha yao yakoje hasa? – N., Usa River

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mgeni wako alikwambia kweli, ila alikuonyesha zile sekunde 17 hivi za uwanjani, ilhali sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika barabarani na bandani. Mapipa yenyewe ni yale ya lita 200 ambayo huku tunawekea dizeli. Hupangwa pembetatu: mawili ya mbele huachana kwa takriban mita 27, na la tatu huwa mbali na hayo kwa takriban mita 32. Mpandaji huingia kwa shoti, huzunguka kila pipa kwa zamu, kisha hurudi mbio alikotokea, na muda wake hupimwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Kuligusa pipa si kosa, lakini likianguka huongezewa sekunde 5, na kwa kuwa washindani wa juu huachana kwa sehemu ndogo za sekunde, hapo zawadi huwa imekwenda.

Mshahara hakuna. Kila rodeo, yaani tamasha la mashindano ya wapanda farasi, ina kiingilio ambacho mshindani hulipa kutoka mfukoni mwake, na ni wachache wenye muda bora wanaogawana zawadi. Chama kinachosimamia mbio hizi kwa ngazi ya juu nchini Marekani, WPRA (Women's Professional Rodeo Association, yaani chama cha wanawake wa rodeo za kulipwa), kilianzishwa na wanawake wenyewe mwaka 1948 huko San Angelo, Texas. Anayeanza hupewa kibali, na hapati uanachama kamili mpaka ashinde kiasi maalumu cha fedha. Msimu huanza Oktoba mosi na kwisha mwisho wa Septemba, na wapandaji 15 waliovuna fedha nyingi zaidi hukutana Las Vegas mwezi Desemba kushindana kwa siku 10 mfululizo.

Kwa kuwa nafasi hutafutwa kwa fedha ulizoshinda, anayetaka kuwa miongoni mwa hao 15 hana budi kuzifuata rodeo zilipo: Machi yuko Houston, Julai anaweza kuwa Calgary nchini Kanada, safari ya zaidi ya kilomita 3,000 kwa barabara. Wiki ya Julai 4 ndiyo yenye pilikapilika kuliko zote, kwa maana rodeo ni nyingi na mtu hukimbilia kadhaa ndani ya siku chache. Huvuta trela kwa pikapu, mara nyingi usiku ili farasi asiumizwe na joto, na kila baada ya saa kadhaa husimama amnyweshe na kumpapasa miguu kuona kama imevimba. Wapo farasi wanaokataa maji ya ugenini, na asiyekunywa huweza kupata msokoto wa tumbo unaoua. Wengi wa wanawake hawa hujazia kipato kwa kufundisha farasi wachanga, kuwauza, na kuwafunza wapandaji wengine.

Lakini zaidi ya fedha na umbali, naomba uzingatie habari za farasi mwenyewe. Charmayne James alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1984 akiwa na umri wa miaka 14, akauchukua miaka 10 mfululizo hadi 1993, yote kwa farasi mmoja aitwaye Scamper, ambaye kabla ya hapo alikuwa wa kufanyia kazi kwenye mazizi ya ng'ombe. Mwaka 1985, katika fainali za Las Vegas, hatamu yake ilikatika mbio zikiendelea, na bado wakashinda mzunguko ule. Baada ya Scamper, bingwa yule yule, mwenye ujuzi ule ule, alikaa mpaka mwaka 2002 ndipo akapata ubingwa wa kumi na moja, kwa farasi mwingine aitwaye Cruiser. Kwa hiyo anayeuliza kama ataishi kwa mbio hizi, hasa anauliza kama atampata farasi wa namna hiyo na kama ataweza kumtunza asiumie.

Kwa maoni yangu, usikope wala kuuza kitu ili uende kushindana. Mlango ulio wazi kwako ni ule wa utunzaji na ufundishaji, maana mtu anayeweza kumtuliza farasi mkorofi anahitajika popote farasi wanapofugwa, na mbio hizi zinashindaniwa pia Brazil na Australia.

SWALI: Mwanangu wa kike amevutiwa na mbio hizi. Je, huku si kumtesa mnyama? – Mzazi, Moshi

JIBU: Mzee wangu, inategemea mpandaji, na hofu yako ni ya haki. Kwenye kona farasi huketisha makalio chini na kugeuka kwa nguvu zote, uzito ukiangukia viungo vya miguu ya nyuma na kano za miguu ya mbele. Ndiyo sababu katika mashindano ya maana trekta hupita kulainisha udongo kila baada ya wapandaji kadhaa. Safari ndefu na nafaka nyingi huleta vidonda vya tumbo. Farasi aliyezoea mbio akianza kukataa kuingia langoni, kabla ya kumchapa kwa kudhani ni ukaidi, aitwe daktari wa mifugo, kwani mara nyingi ana maumivu. Na kwa huku kwetu, ulizia kwanza kinga dhidi ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, na mwingine unaoenezwa na mbung'o, kwa sababu hiyo ndiyo inayowamaliza farasi wetu.

SWALI: Nina farasi na mapipa matatu. Nianzie wapi? – Msomaji, Ngaramtoni

JIBU: Anza kwa kutembea. Zunguka pipa ukiacha nafasi ya kutosha unapoingia, macho yako yakiangalia ardhi mahali unapotaka farasi akanyage, si juu ya pipa, maana ukiliangalia pipa mwili wako hulielekea na yeye hukufuata. Akipita pande zote mbili bila kuvutwa kinywa, mpeleke kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole. Shoti isubiri miezi, na kama hajatimiza miaka minne, isubiri mpaka atimize.