Spika kubwa za rafu na ukuta ulio nyuma yake

SWALI: Amplifaya yangu ni ya wati 50 kila upande, nyuma imeandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Chumba ni mita 4 kwa 5. Nataka spika za rafu zenye wufa (kipaza cha besi) ya inchi 8, nizipange kwenye kabati la vitabu. Zitafaa?

JIBU: Wati zinatosha. Usizihangaikie sana, tazama kwanza usikivu wa spika, yaani sauti inayotoa kwa kiasi kilekile cha umeme, kwa desibeli. Yenye desibeli 84 inahitaji umeme mara nne ya ile yenye 90 ili zilie kwa sauti ileile. Tafuta 87 au zaidi. Za omu 4 ziache, maana amplifaya yako itachemka na pengine kujizima ukiongeza sauti.

Tatizo lako ni kabati. Spika hizi, licha ya jina lake, nyingi hazipendi kukaa rafuni: tundu la besi (tobo la kutolea hewa kwenye kasha) likiwa nyuma na ukuta uko karibu, besi huvimba na kumeza maneno ya mwimbaji. Chagua zenye tundu mbele au zilizozibwa kabisa. Ukipata za tundu nyuma, ziweke kwenye stendi, sentimita 30 hivi kutoka ukutani, twita (kipaza kidogo cha sauti nyembamba) ikilingana na masikio yako ukiwa umekaa. Besi ikizidi bado, ziba tundu kwa sponji.

Besi ikipotea ghafla baada ya kufunga waya, kagua chanya na hasi. Upande mmoja umegeuzwa.