Maswali ya Wasomaji: Programu Inayomkubali Mtu na Kumkataa Papo Hapo

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya salamu, ninasimamia programu ya tovuti ambayo wenye nyumba za wageni wa hapa mjini na Shela huitumia kuandikisha wageni wao. Tangu tulipoongeza seva ya pili kabla ya msimu wa watalii, watumiaji hulalamika kwamba huandika nenosiri sahihi na kuingia, lakini wakifungua ukurasa unaofuata hurudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia. Wakijaribu tena mara mbili tatu, mambo huwa sawa. Kwenye kompyuta yangu hitilafu hii haitokei kamwe. Mwenzangu anashikilia kwamba ni mtandao wa Lamu. Nifanye nini?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Ndugu msomaji, mtandao wa Lamu una dhambi zake, lakini hii si mojawapo. Mtandao ukiwa dhaifu, ukurasa huchelewa au haufunguki kabisa. Ukurasa kamili wa kuingilia hutumwa na seva yenyewe, baada ya kupokea ombi na kuona kwamba haimtambui aliyelileta. Ushahidi mkubwa umeutaja wewe mwenyewe, pengine bila kukusudia: seva ya pili.

Itifaki ya HTTP, yaani kanuni ambazo kivinjari na seva huzungumzia, haikumbuki nani aliomba nini awali, na ndiyo maana mtu anapoingia, seva hukipa kivinjari chake kuki, yaani kijifaili ambacho kivinjari hukirudisha kwa kila ombi, yenye namba ya kikao (kipindi cha mtu tangu aingie hadi atoke), kisha taarifa za kikao hicho ikazihifadhi upande wake. Programu nyingi, zisipoelekezwa vingine, huziweka katika kumbukumbu ya seva ileile au katika faili za diski yake. Ombi linalofuata likipelekwa kwenye seva ya pili, namba hiyo haijulikani huko, sawa na mtu aliyeweka amana kwa mwenye duka mmoja akaenda kuidai kwa jirani yake. Kwenye kompyuta yako kuna seva moja tu, ndiyo sababu hitilafu hujaiona.

Usibadilishe chochote kabla ya kuthibitisha. Ongeza katika logi (kumbukumbu ya matukio ambayo programu hujiandikia) jina la seva, saa, na herufi chache za mwanzo za namba ya kikao (si namba nzima, kwani atakayeisoma ataweza kuingia kwa jina la mwenyewe), kisha mfuatilie mtumiaji mmoja aliyelalamika. Ukiona namba moja imepata jibu la 200, yaani ombi limekubaliwa, kwa seva ya kwanza na, sekunde chache baadaye, jibu la 302 la kurudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia kwa seva ya pili, hapo mwizi umemshika.

Tiba ni kuhamishia vikao kwenye hifadhi moja inayosomwa na seva zote mbili, iwe Redis (programu ya kuhifadhi data kwa haraka) au jedwali katika hifadhidata mliyo nayo; kwa kazi ya ukubwa wenu, jedwali latosha. Wapo watakaokushauri umfunge kila mtumiaji kwenye seva moja. Hilo huficha ugonjwa tu, kwani programu ya seva hiyo ikizimwa, hata kwa dakika moja ya kuisasisha, wote waliofungwa kwake watatolewa nje.

Hitilafu ikiendelea hata baada ya hapo, linganisha, kwa seva zote mbili, ufunguo wa siri unaotia saini kuki, yaani alama inayoihakikishia seva kwamba kuki haikughushiwa. Mifano mingi ya mafunzo huzalisha ufunguo mpya wa kubahatisha kila programu inapowashwa, na mwenye kuinakili bila kuitazama hujikuta kila seva ina ufunguo wake na inakataa saini ya mwenzake. Ufunguo uwe mmoja, usomwe kutoka kwenye mipangilio ya seva, wala usiandikwe ndani ya msimbo. Majaribio yote yafanyike seva zote mbili zikiwa kazini, kwa maana ukizima moja hitilafu itatoweka hata kama hujarekebisha kitu.