Mama mkwe kanipa mizizi ya kuongeza uchungu, niinywe?

SWALI: Assalaam alaykum ustadh. Nina mimba ya miezi 8, ya kwanza, niko Tanga. Mama mkwe kaniletea mizizi mikavu, eti uchungu ukianza tu nichemshe ninywe mtoto ashuke haraka, na kihirizi nifunge kiunoni. Nesi wa kliniki kakataza dawa za kienyeji zote, mume wangu anasema ni shirki, na mkwe sasa kanuna. Nikivitupa ntakuwa nimemkosea adabu?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Dada yangu, mumeo kaharakisha kidogo, mizizi ni mizizi tu, shirki inatoka wapi? Mtume (s.a.w.) mabedui walipomuuliza wajitibu au waache akawaambia jitibuni, Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila kauwekea dawa, hadithi ya Usama bin Sharik hiyo iko kwa Abu Daud na Tirmidhi. Na bibi Maryam uchungu ulipomshika aliambiwa atikise shina la mtende, ale tende na anywe, someni Sura Maryam aya ya 23 mpaka 26. Kwa hiyo mti kama mti ni halali.

Ila halali haimaanishi kila kitu ukinywe. Hospitali dawa ya uchungu wanaipitisha kwenye dripu tone kwa tone huku wanasikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, wakiona anachoka wanafunga. Sasa wewe na sufuria lako utafunga nini? Konzi moja au mbili, mzizi wa mti mchanga au mkongwe, hakuna anayejua nguvu yake, ukishameza umemeza. Kizazi kikikaza bila kupumzika mtoto anakosa hewa, na kinaweza kupasuka mama akavuja damu mpaka akaondoka. Kibaya zaidi ni hii tabia ya kunywa kimyakimya nyumbani halafu ukifika leba husemi, nesi anaona uchungu umekaa vibaya wala hajui kilichomo tumboni mwako, akikuongezea dripu juu yake je? Mafuta ya nyonyo nayo ni yaleyale, yanaharisha na kukaza tumbo. Allah kasema msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo (Al-Baqara 195), na Mtume kasema anayetibu naye hajulikani kwa utabibu basi dhamana ni yake. Kwa hiyo hiyo mizizi usiinywe, na kama ulishaonja mwambie nesi leo, usione haya.

Kumkosea adabu mkwe hakuna hapo, ila usivitupe mbele yake bwana! Mwambie mama nashukuru, nakuomba unisaidie arobaini. Huko ndiko ujuzi wao ulipo, na mimi mwenyewe nimelelewa nyumba ambayo mzazi akirudi tu kutoka kujifungua unasikia harufu ya uji wa pilipili manga mpaka barazani, watoto tunagombania ukoko. Huo uji, supu, tangawizi, uwatu wa kuita maziwa, habasoda kidogo kwenye chakula, tende, kula kwa kiasi bila wasiwasi, ukiwa na presha au sukari muulize daktari kwanza. Kukandwa maji moto sawa pia, lakini ukijifungua kwa operesheni kitambaa cha moto kisiguse mshono, na usikubali kuwekewa majani yoyote ndani ya uke, hata aje mkunga gani.

Kihirizi ndicho chenye maneno. Mtume kasema mwenye kutundika hirizi kafanya shirki, wanazuoni wakahitilafiana kwenye iliyoandikwa Qurani tupu, na mimi nakushauri uache hata hiyo maana utaingia nayo chooni. Kifungue. Ukikuta viboksi vya namba na majina usiyoyajua, choma. Ukikuta aya, choma vilevile lakini kwa heshima, jivu ulifukie pahala pasipokanyagwa, na hizo aya mwambie mumeo akusomee yeye mwenyewe usiku.